Kila Mji na Watani Wake

Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023, Simba na Yanga zilikuwa zinakutana Kwa Mkapa, na kwa shabiki wa Mombasa hiyo ni sababu tosha ya kuvuka Likoni alfajiri, kupita Msambweni na Lungalunga, kugongewa pasipoti Horohoro na kuendelea mbele. Wenzangu wengi huenda moja kwa moja mpaka Dar es Salaam. Mimi nilishuka Tanga, kwa sababu nina imani yangu moja kuhusu mpira na muziki wa pwani hii, na huwezi kuizungumza vizuri bila kuanzia Tanga.

Imani yenyewe ni hii: raha ya mji haitokani na timu yake wala bendi yake. Inatokana na zile mbili zisizopatana. Mji wenye timu moja una timu tu. Mji wenye timu mbili una mazungumzo ya mwaka mzima, una ndoa zinazotingishika Jumamosi jioni, una kinyozi anayechagua wa kumnyoa kwanza.

Na Tanga ilikuwa nazo mbili za kila kitu. Kwenye mpira, Coastal Union na African Sports, mahasimu waliokuwa wakiumana pale Mkwakwani. Kwenye dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye taarabu, Black Star na Lucky Star, ambazo ziliweka gitaa la umeme mahali ambapo Unguja waliweka udi na kanuni, na marehemu Shakila Saidi aliimba kote kuwili. Mji mmoja, jozi tatu! Pesa ya kulisha fahari yote hiyo ilikuwa ya mkonge. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya Tanga. Vibarua wa mashambani walipolipwa, walikuja mjini, na mjini kulikuwa na wa kuwachezesha.

Kwenye kijiwe cha kahawa huko Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, wazee walikuwa wamezunguka ubao wa bao. Niliamkia, nikakaribishwa, nikaulizwa timu. Nikasema Bandari.

"Bandari ya Mtwara?" mmoja akauliza.

"Ya Mombasa, mzee."

"Ahaa." Akanimiminia kahawa kwa huruma. "Pole, mgosi."

Kilichonifurahisha ni jinsi walivyokaa. Upande wa ukutani walikuwa Coastal, upande wa barabarani walikuwa Sports, na hakuna aliyewapanga. Mzee wa Sports, kofia ya kiua imemkaa upande, alikuwa na kete mkononi muda wote akizungumza, hazitui shimoni, na mwenziwe anasubiri bila kulalamika kwa sababu naye anataka amalize ili amjibu. Coastal wana hoja moja nzito: ubingwa wa Bara wa mwaka 1988. Wanauweka mezani kila mara, hata pale mada ilipokuwa bei ya samaki. Sports wanajibu kwa mambo yasiyo na takwimu: nani alipiga chenga nani, lango la upande gani, mwaka ambao mvua ilinyesha. Kwa masikio yangu Sports ndio waliokuwa wanashinda mjadala ule, ingawa walikuwa wameshindwa kila kitu kingine. Coastal walikuwa Ligi Kuu. Sports walikuwa huko chini, wanahangaika.

Vijana waliopita na bodaboda zao hawakusimama kusikiliza. Walikuwa wamevaa jezi nyekundu na jezi za kijani na njano, za Simba na za Yanga, timu za mji ulio mwendo wa nusu siku kwa basi. Nilimuuliza mmoja aliyenipeleka stendi kama amewahi kuingia Mkwakwani. Amewahi, akasema: siku Yanga walipokuja.

Lakini tusiseme Tanga imekosa vipaji. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakavuka mpaka kuingia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Simba Wanyika yao ikawa ndiyo sauti ya Nairobi kwa miaka ishirini na ushee. Les Wanyika, waliowapa watu "Sina Makosa", walitoka tumboni mwa bendi hiyohiyo. Mkenya akikwambia rumba ile ni ya kwao, mkubalie nusu. Nusu nyingine ina cheti cha kuzaliwa cha Tanga. Na Ali Kiba alipotaka kucheza mpira wa kweli mwaka 2018, alisajiliwa Coastal Union. Mtoto wa Kariakoo, mwimbaji anayejaza viwanja, amevaa jezi ya Wagosi wa Kaya. Wengi walicheka. Mimi niliona ni uamuzi wa mtu mwenye adabu ya historia.

Basi la Dar linapita Segera, halafu linashuka mpaka Chalinze, ambako barabara ya Morogoro inachepuka upande wa kulia. Morogoro nayo ilikuwa na jozi yake: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz iliyompika Mbaraka Mwinshehe. Salum alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka naye akafa kwa ajali ya gari, Januari 1979, kwetu Mombasa. Watu wa rika la baba yangu bado wanaizungumza ajali ile kama vile polisi hawajamaliza kupima barabara.

Dar es Salaam ndiko jozi zilikokwenda kuishi.

Yanga ilianza mwaka 1935. Mwaka mmoja baadaye ikaja timu ambayo imewahi kuitwa Eagles, kisha Sunderland, kabla ya kuwa Simba mwaka 1971. Makao ya moja yako Jangwani, ya nyingine Mtaa wa Msimbazi, na mtu mwenye miguu mizima anakwenda kwa miguu kutoka huku hadi kule bila kuhema. Kariakoo yote iko katikati yao: maduka ya vitambaa, wauza simu, wapiga debe, na siku ya mechi, meza za jezi ambazo hakuna anayeuliza zimeshonwa wapi. Muuzaji mmoja alikuwa amepanga nyekundu kushoto na kijani kulia, na yeye mwenyewe kavaa shati jeupe lisilo na nembo. Nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi Msukuma," akasema, akanigeuzia mgongo kumhudumia mteja.

Mtu wa nje hudhani Kariakoo Dabi ni mchezo wa dakika 90. Ni hesabu za madeni. Simba wanadai bao 6-0 la Julai 1977, siku ambayo Abdallah Kibadeni alifunga mabao 3 peke yake, na hakuna aliyeirudia kazi hiyo kwenye mechi ya watani hao. Yanga wanadai 5-0 la mwaka 1968. Simba wakalipa 5-0 lao Mei 2012. Halafu kuna ile sare ya 3-3 ya Oktoba 2013, ambayo Yanga waliongoza 3-0 mpaka mapumziko, na ambayo kila upande unaihesabu kuwa ni ushindi wake kwa namna ya ajabu. Mzee aliyeketi karibu yangu kwenye daladala ya Temeke aliyataja yote haya kabla hatujafika, pamoja na rangi ya soksi.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba watu 60,000, na jirani yake uko Uhuru, Shamba la Bibi, mdogo na mchovu, lakini ndipo nchi ilipozaliwa. Nilikaa mzunguko, kwenye viti vya watu wa kawaida, na nashauri kila mtu akae huko. Huko jukwaa kuu wanatazama mechi. Mzunguko wanaicheza. Nyuma yangu alikuwa mama wa makamo, kanga ya kijani kiunoni juu ya jezi, kikapu cha karanga mapajani, na kila Simba walipopata kona alikuwa anafumba macho na kuwaambia waliokaa naye wamsimulie.

Kennedy Musonda alifunga mapema mno, watu bado wanatafuta viti. Kibu Denis akasawazisha, na mpaka mapumziko ilikuwa 1-1, mechi ya kawaida ya watani, mikwaruzo mingi na mpira kidogo. Kilichotokea kipindi cha pili sijawahi kukiona kwenye dabi yoyote. Maxi Nzengeli alifunga, Stephane Aziz Ki akafunga, Nzengeli tena, na Pacome Zouzoua akamalizia kwa penalti. Tano moja. Mama wa karanga hakuwa anafumba macho tena. Alikuwa amenyoosha kiganja chake chote juu, vidole vitano vimetanuka, na karanga zimemwagika chini hazina mwenyewe.

Siku chache baadaye Simba walimfukuza kocha wao Robertinho. Hilo lilitegemewa, mahakama ya Kariakoo haina rufaa.

Kuna jambo lakini ambalo ushangiliaji ulinifanya nilione vizuri zaidi. Mabao matano ya Yanga yalifungwa na Mzambia, Mkongomani, Mburkinabe na Mwivori. Siwalaumu. Kabla yao Fiston Mayele, Mkongomani mwingine, aliwafundisha watoto wa Tanzania nzima kutetema, akaibeba Yanga mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, ile waliyofungwa nyumbani 2-1 na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers, na kombe likaondoka kwa sheria ya bao la ugenini. Klabu zinazotaka kufika huko lazima zinunue. Ila pesa hiyohiyo, udhamini huohuo, macho hayohayo ya televisheni, ndiyo yanayomfanya kijana wa Tanga asiwe na habari na Mkwakwani. Watani wawili wa Kariakoo wamekuwa wakubwa kiasi kwamba wamewala watani wa miji mingine. Nasema hivyo nikiwa nimekunywa raha yao mpaka sauti ikanikauka.

Usiku ule bendi moja ya dansi ilikuwa inapiga kwenye baa ya Temeke, watu wazima watupu, mishikaki inavuta moshi mlangoni. Bendi ilikuwa inakopa nyimbo za zamani, na hapo nikaona dabi ya pili ya siku. Ukipigwa wimbo wa Msondo, meza za kulia zinainuka. Ukipigwa wa Sikinde, meza za kushoto. Msondo ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikabadilisha majina kila chama kilipobadilisha. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilikuja mwaka 1978, na ilipokuja ilikuja kwa kuvuna shamba la jirani: Muhiddin Maalim Gurumo, sauti ya NUTA, alikuwa miongoni mwa waliohamia. Mwaka 1985 Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakanyakuliwa na Safari Sound. Hassan Bitchuka amekwenda na kurudi kati ya Msondo na Sikinde mara nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuruka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani.

Mimi ni wa Sikinde, niseme wazi. Msondo wana mabati, wana tarumbeta zinazokusukuma mlangoni, na wanajiita Baba ya Muziki bila aibu. Lakini magitaa ya Sikinde yanavyojibizana, moja linauliza na jingine halina haraka ya kujibu, hakuna bendi ya Afrika Mashariki iliyofika pale. Nilimwambia hivyo jamaa wa meza ya kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyie watu wa Mombasa mna maneno matamu," kisha akaamka kwenda kucheza wimbo wa Msondo.

Bajaji iliyonirudisha ilikuwa inapiga singeli, spidi ile inayofanya moyo udhani umechelewa mahali. Wazee wengi wa dansi hawataki kuisikia. Nadhani wanakosea. Singeli imetoka uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye mchiriku na vigodoro, kwa kinanda cha bei nafuu na kompyuta iliyochoka, na bila msaada wa chama wala shirika lolote. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati iliufikisha muziki huo Ulaya mwaka 2017 kupitia lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Kinachokosekana kwenye singeli, kwangu mimi, ni kambi. Kuna mastaa, hakuna pande mbili. Bongo Fleva walikuwa nazo: miaka ile ya Diamond na Ali Kiba, Tandale na Kariakoo, kila wimbo wa mmoja ulikuwa na jibu la mwingine, au mashabiki walilitengeneza jibu wenyewe. Ndiyo miaka ambayo muziki huo ulivuka mipaka. Wanaodai ugomvi ule uliharibu sanaa waniambie ni nini kilichoharibika.

Boti ya asubuhi inafika Unguja kwa saa mbili hivi, bahari ikiwa na adabu. Unguja ndio walimu wa mambo haya. Ikhwani Safaa ilianza mwaka 1905, kabla mtu yeyote wa Dar hajawa na wazo la klabu. Wanawake wa mjini nao hawakukaa kando: vyama vyao kama Royal Navy na Nuru el Uyun vilikuwa vikishindana kwa nyimbo, kwa sare za nguo na kwa maneno ambayo aliyelengwa aliyafahamu kabla kibwagizo hakijafika. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, alitoka kwenye mji ambao tayari ulijua kusikiliza kwa makini na kuchagua upande. Culture wakaja mwaka 1958, na Ikhwani wakapata wa kuwakera. Sanaa hiyo ya kusutana ilivuka maji kwenda Bara: miaka ya 1990 TOT na Muungano walijaza kumbi za Dar kwa mipasho, Khadija Kopa upande mmoja, Nasma Khamis Kidogo upande wa pili, na watu wakilipa kiingilio kusikia nani kaambiwa nini.

Nilifika Vuga, nyumba ya Culture, jioni wakati wa mazoezi. Madirisha yalikuwa wazi. Mpiga fidla alikuwa akipaka ulimbo kwenye uta wake taratibu, mara tatu kwenda, mara tatu kurudi, huku kanuni ikilinganishwa waya mmoja baada ya mwingine, na mwimbaji, mwanamke mtu mzima aliyekuja na mkoba wa sokoni, akisoma maneno kwenye daftari la mjukuu wake: nililiona jina la skuli kwenye jalada. Walipoanza, walirudia ubeti uleule hadi mwenye dumbaki akaomba maji. Mlangoni alisimama kijana, mzaliwa wa Mlandege, hatua chache kutoka Darajani, aliyejitolea kunitembeza. Nikamuuliza hapa Unguja watu wanabishania nini siku hizi. Ikhwani na Culture, akasema, ni mambo ya wazee. Ligi ya Zanzibar? Akatabasamu tu.

Hapo nilimpa hotuba. Nikamkumbusha kuwa Malindi ya Unguja ilifika nusu fainali ya Kombe la CAF mwaka 1995. Nikamkumbusha kuwa Mlandege, timu ya mtaa wake, ilikuwa imechukua Kombe la Mapinduzi mwanzoni mwa mwaka uleule wa 2023. Nikamwambia habari za kwetu: Mombasa ya Feisal, waliokuwa mabingwa wa Kenya mwaka 1965, na ya Liverpool, waliokuja kuitwa Mwenge; kwamba leo tumebaki na Bandari isiyo na mtani, na kwamba Jumamosi vijana wa Majengo wanakatana maneno kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, wakati Mbaraki viti vitupu. Alinisikiliza kwa heshima. Uwanja wa Amaan, tulipoupita, ulikuwa umefungwa kwa ukarabati, mashine zinanguruma ndani, na nilimwambia ukifunguliwa aende akaishangilie timu ya nyumbani. Akasema inshallah.

Ulifunguliwa Desemba. Tarehe 13 Januari 2024, fainali ya Mapinduzi ikachezwa hapohapo: Mlandege na Simba. Niliitazama Mombasa kwenye mkahawa uliojaa, na nilikuwa peke yangu niliyesimama. Mlandege walishinda 1-0, wakalichukua kombe kwa mara ya pili mfululizo, timu ya mtaa mmoja mbele ya Mnyama mwenyewe. Nikampigia simu kijana wangu wa Unguja kumpongeza. Simu iliita sana kabla hajapokea, na alipopokea alikuwa amenuna hataki hata salamu: yeye ni Simba.